Habari za Fundi Miwani na Kontena Lililovuliwa Madaraka

Sogeeni, enyi mlio karibu, na ninyi mlio mbali vuteni viti! Aliye na sufuria jikoni aipunguzie moto, aliye na simu mkononi ailaze kifudifudi, kwa maana nataka kuwasimulia vita visivyomwaga damu hata ya mbu, vilivyopiganwa toka saa nne asubuhi hadi saa nane mchana nyuma ya kaunta ya duka la miwani, na mtu mmoja aliyevaa kandambili. Nisaidie, ewe kumbukumbu, nisiruke hatua; nawe ulimi, tia chumvi kiasi, usimwage kopo zima.

Shujaa wetu mtaa mzima ulimwita Fundi Miwani: msaga lenzi, mfukuza ukungu, yeye aliyewarudishia wazee uwezo wa kusoma maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, kitambi cha wastani na subira kubwa, na katika dunia hii alikuwa na udhaifu mmoja tu, nao ulikuwa ndege. Sisemi hizi za manyoya. Nasema zile za bati na injini.

Ijulikane kwamba ndege za abiria, na nyingi katika zile ndogo, hupita angani zikijitangaza kwa redio bila kupumzika: mimi ni fulani, nipo hapa, kimo changu ni hiki, naelekea kule. Anayetaka kuzisikia anahitaji antena, kipokezi cha redio kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, na kompyuta ya kufasiri maneno yao. Fundi alikuwa na vyote vitatu. Antena aliisimika juu ya paa la jengo la ghorofa tatu, katikati ya matangi ya maji. Waya ukateremka ukutani, ukaingia kwa dirisha la choo, ukatambaa juu ya mlango, ukaishia chini ya kaunta kwenye kompyuta ndogo ya duka. Yote aliyoyasikia hakuyaficha. Aliyatuma kwa mtandao wa watu wa kujitolea, ambao huunganisha masikio yao yote wakachora ramani moja ya ndege zilizo angani, akaiangalia atakaye.

Wala mchango wake haukuwa mdogo. Mji ule uligawanywa na kilima kirefu, na wenzake wote waliosikiliza ndege walikaa upande wa pili. Ndege ikiruka chini chini upande wa Fundi, kilima kiliwaziba wale wengine, akabaki yeye peke yake anayeisikia. Yeye peke yake! Wafalme wangapi walikufa bila kuweza kusema hivyo?

Lakini duka halikuwa lake peke yake. Aliliendesha pamoja na dada yake wa kuzaliwa, Dada Mkubwa, Bibi wa Kaunta, Mlinzi wa Daftari. Daftari hilo lilikuwa faili ndani ya kompyuta ile ile, lenye vipimo vya macho vya wateja wote wa miaka kumi na mmoja, ila yeye aliliita daftari, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Hapo ndipo ilipoanzia balaa. Programu ya kusikilizia ndege ilikaa ndani ya kontena, na kontena, kwa wasiojua, ni chumba cha kufungia programu ndani ya kompyuta ili ifanye kazi yake humo humo isizurure kwenye mali za wenzake. Siku ya kulijenga, kontena lilikataa kugusa kipokezi. Fundi akatafuta msaada mtandaoni, akakuta mtu asiyemjua kaandika kwamba dawa ni kulipatia kontena mamlaka yote. Akaongeza neno moja kwenye maagizo yake, kontena likakubali, naye akaenda kunywa chai. Basi kwa miaka miwili programu ile ikaishi dukani kama mgeni aliyepewa funguo za nyumba nzima, mpaka ya kabati la nguo za ndani.

Mgeni huyo, wiki moja kabla ya vita hivi, alishikwa na wazimu wa kuandika. Kila ndege aliyoisikia aliiandikia habari, na habari za habari, akajaza diski ya kompyuta mpaka pomoni. Dada Mkubwa akaingiza vipimo vya mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Daftari likakosa pa kuviweka, likanyamaza kimya, likabaki na vipimo vya mteja aliyetangulia. Fundi akasaga lenzi kwa vipimo hivyo. Na Mwalimu, akiwa amevaa miwani ya mtu mwingine, akatoka dukani kwa heshima zote, akamsalimu shikamoo mwanasesere wa plastiki wa duka la nguo jirani, akasimama dakika nzima akisubiri marahaba.

Siku ile Dada Mkubwa hakupiga kelele. Alizima ile programu, akachomoa kipokezi, akakitia mfukoni mwa koti lake jeupe, akasema, "Mdogo wangu, hapa tunauza miwani." Kipokezi kikalala mfukoni humo siku saba, na ramani ya dunia ikapata tundu.

Hata siku ya nane, saa nne kasorobo asubuhi, simu ya Dada Mkubwa ikalia. Alikuwa binti yake, mpwa wa Fundi, mwanafunzi wa urubani katika kiwanja kidogo upande huu wa kilima.

"Mama, leo naruka peke yangu. Saa nane."

"Peke yako na nani?"

"Mama. Peke yangu."

"Mkufunzi anakaa wapi?"

"Anakaa chini, ananiangalia. Ndiyo maana ya peke yangu. Usije huku, utanitia kiwewe. Baadaye!" Simu ikakatwa.

Dada Mkubwa akasimama palepale, kitambaa cha kufutia vioo mkononi. Kisha akaingia chumba cha nyuma, ambako Fundi alikuwa ameinamia mashine ya kusagia, akitengeneza upya miwani ya Mwalimu. Na Mwalimu mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, macho matupu, akiona kila kitu kama kimefunikwa na shuka.

"Ile programu yako," Dada Mkubwa akasema, "inaweza kumwona mtoto?"

Fundi akazima mashine. "Inaweza, dada. Tena ni yenyewe tu. Wale wengine kilima kinawaziba."

Mkono wa Dada Mkubwa ukaingia mfukoni, ukatoka na kipokezi.

"Chukua. Ila nisikilize vizuri. Sitaki uniambie haitagusa daftari langu. Uliniambia hivyo mwaka juzi. Nataka isiwe na uwezo wa kuligusa. Unanielewa? Hata ikitaka, hata ikichanganyikiwa, ishindwe. Ukishindwa kuifanya hivyo, usiiwashe. Nitakaa bila kumwona, nitaomba Mungu kama mama zetu walivyofanya."

Ndipo Mwalimu, aliyezoea kuhutubia madarasa ya watoto sitini, akainuka kwenye kigoda, akauelekea ukuta akidhani ndiye Fundi, akanena: "Mwanangu! Dola zote nilizozifundisha kwa miaka thelathini na nne zilianguka kwa sababu moja: aliyeajiriwa kufagia alipewa muhuri wa mfalme. Mnyang'anye muhuri! Mwachie ufagio! Miwani yangu inaweza kusubiri."

"Niko huku, Mwalimu," akasema Fundi.

"Najua uliko," akajibu Mwalimu, akageuka.

Basi Fundi Miwani akanawa vumbi la vioo, akahamia kaunta, Mwalimu akimfuata kwa kupapasa na kigoda chake, akavuta kiti, akafungua maagizo ya kontena. Kwanza akalifuta lile neno moja lenye kutoa mamlaka yote. Kisha akaanza kulivua kontena vyeo, kimoja kimoja, kama askari mwasi mbele ya gwaride. Akalivua taji la mtumiaji mkuu, akalipatia namba ya raia wa kawaida kabisa. Akalinyang'anya njia ya kufikia diski ya duka. Akaligeuzia chumba chake kiwe cha kusoma tu, lisiweze kuandika hata herufi ukutani, likapewa kibao kidogo cha muda kinachojifuta kompyuta ikizimwa. Akaikuta orodha ya mamlaka madogo madogo ambayo hakujua yapo: ya kuvuruga mitandao, ya kumiliki mafaili ya wengine, hata ya kubadili saa ya kompyuta.

"Saa ulitaka ya nini wewe?" akaliuliza kontena, akafuta.

Ilipofika saa tano na robo halikubakiwa na kitu. Akaliamuru liamke, likaamka. Likanyoosha mkono kwenye kipokezi. Na skrini ikaandika maneno mawili baridi: *Ruhusa imekataliwa.*

"Limesemaje?" Mwalimu akauliza kutoka kigodani.

"Limekataliwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Hongera," akasema Mwalimu. "Sasa litasikilizaje?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Fundi akashambulia kutoka kulia, akarudishwa. Akashambulia kutoka kushoto, akarudishwa. Aliandika mstari, akaufuta, akauandika tena kwa matumaini kwamba kompyuta ilikuwa imebadili mawazo. Kule chumba cha vipimo dada yake aliwapima wateja wawili macho, na kila alipomwambia mtu asome herufi ukutani, yeye mwenyewe alitazama saa. Saa tano na nusu. Saa sita. Saa sita na nusu. Jasho likamtoka shujaa shingoni, likaingia ndani ya kola. Kandambili moja ikamtoka mguuni ikapotea chini ya kabati, naye hakuitafuta.

Na hapa, enyi wasikilizaji, sitamficha shujaa wangu. Saa saba kasoro dakika kumi alichoka. Kidole chake kikakumbuka njia ya zamani. Alitazama huku, hakuna. Alitazama kule, Mwalimu alikuwa anamtazama, lakini Mwalimu haoni. Akaliandika lile neno. Mamlaka yote. Akabonyeza.

Mara ramani ikajaa! Ndege kubwa nne zikatokea juu ya kilima, kila moja na kimo chake na mwendo wake, zikiteleza polepole kwenye skrini. Fundi akapiga kelele bila kukusudia, na Dada Mkubwa akamwacha mteja na jicho moja limefunikwa, akaja mbio.

"Imefanya kazi!" Uso wake wote ukafunguka. "Mdogo wangu, umeweza! Hii ndiyo ramani? Na mtoto atatokea hapa?" Akagusa skrini kwa ncha ya kidole, mahali pa kiwanja. "Na daftari langu halina wasiwasi tena?"

Fundi akafungua mdomo. Neno la kudanganyia lilikuwa tayari, fupi, tamu, limekaa ulimini. Wala asingejua! Angejuaje? Lakini aliutazama ule uso uliofunguka, akalimeza lile neno.

"Hapana, dada."

"Hapana nini?"

"Nimerudisha funguo zote. Ilinikataa, muda unakwenda, nika... Inaweza kugusa daftari. Inaweza kugusa chochote."

Uso ukafungika. Dada Mkubwa akaitazama ramani kwa muda, zile ndege nne na pale mahali patupu pa kiwanja.

"Basi zima," akasema kwa sauti ndogo.

"Dada, ni leo tu, ni saa moja, mtoto anaruka..."

"Nimesema zima. Wale watu wameniachia macho yao." Akageuka kwenda kwa mteja wake. Alipofika mlangoni akasimama. "Na nikuulize. Hiyo inayoshika redio, ndiyo hiyo hiyo inayotoka nje kwenye mtandao kuzungumza na watu?"

"Ndiyo hiyo."

"Kwa nini? Mimi nakaa kaunta, wewe unakaa nyuma unasaga. Ukija kaunta unavuruga, nikija nyuma nakata vidole. Anayesikiliza asikilize, anayepeleka habari apeleke." Akaenda zake.

Fundi akazima. Ndege nne zikafutika. Aliaibika mpaka masikioni, na maneno ya dada yake yakaanza kumtembea kichwani. Kisha akayavamia maagizo kama mtu aliyeona mwanya kwenye ukuta wa ngome.

Alilipasua lile kontena vipande viwili. La kwanza aliliita Sikio: hilo lingeshika kipokezi, lisikilize, lifasiri, basi, mtandao wa nje lisiujue hata kwa kuusikia. La pili aliliita Tarishi: huyo angechukua habari kwa Sikio kupitia kidirisha kimoja chembamba, azipeleke kwa wenzake wa kujitolea, na kipokezi asikifahamu kabisa. Tarishi aliamka mara moja, maana hakuhitaji kitu ila njia. Sikio likabaki mlangoni likilia: *Ruhusa imekataliwa.*

"Mwalimu," akasema Fundi, "shuleni, stoo ilikuwa na funguo ngapi?"

"Mmoja. Nilikuwa nao mimi."

"Na mwalimu mwingine akitaka mpira?"

"Nilikuwa na orodha. Wote walio kwenye kamati ya michezo waliruhusiwa stoo ya michezo. Hawakuruhusiwa stoo ya vitabu. Walijaribu."

Fundi akapiga paja. Kamati! Kompyuta nayo ilikuwa na kamati zake. Na alipokichunguza kipokezi akakuta ni mali ya kundi moja dogo lenye namba yake. Hakikuhitaji mfalme. Kilihitaji mjumbe wa kamati. Akaliandikisha Sikio katika kundi lile moja, akaliruhusu kifaa kile kimoja, akaamuru.

Sikio likaamka. Likanyoosha mkono. Likakishika kipokezi! Na skrini ikaandika jambo jipya: *Kifaa kinatumiwa na mwingine.*

"Nani tena?" akanguruma Fundi, mpaka mteja kule chumba cha vipimo akasoma herufi isiyokuwepo.

Adui wa pili akajitokeza, naye alikuwa kikaragosi. Vipokezi vile vidogo kiwandani vilitengenezwa kwa ajili ya kuangalia televisheni, na kompyuta, kwa uungwana wake, kila ilipokiona ilimwita mhudumu wa televisheni, yaani programu nyingine ya ndani yake, akae juu yake asubiri vipindi. Alikuwa amekaa juu ya kipokezi cha Fundi, kwa shibe na utulivu, akisubiri taarifa ya habari. Lile neno la mamlaka yote lilikuwa likimsukuma bila hata kusema samahani. Sikio, raia mnyonge, halikuwa na ubavu. Basi Fundi, kwa mamlaka yake mwenyewe kama mwenye nyumba, akaandika mstari mmoja kwenye sheria za kompyuta: mhudumu wa televisheni asiitwe tena. Akachomoa kipokezi, akahesabu tano, akakichomeka.

*Kifaa hakipo.*

Saa saba na dakika thelathini na nane. Dada Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani. Alikuwa ameacha kutazama saa, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kipo," Fundi akakaribia kulia. "Nimekichomeka, nakiona kwa macho!"

"Nilikuwa na mtoto darasani," akasema Mwalimu, "kila akitoka kukojoa anarudi kukaa dawati jingine. Nikisoma majina kwa madawati, yeye hayupo."

Fundi akageuza shingo polepole. Akatazama orodha ya vifaa. Naam: kilipochomolewa kilikuwa namba nne, kiliporudi kikawa namba tano, na Sikio lilikuwa limeruhusiwa namba nne tu, likiipapasa hewa. Akakipa kipokezi jina la kudumu lisilofuata dawati, akaliruhusu Sikio jina hilo na si jingine chini ya jua. Akafuta jasho kwa kitambaa cha kufutia lenzi, jambo lililokatazwa kabisa dukani. Akabonyeza.

Kimya. Kisha ndege moja ikatokea juu ya kilima. Kisha ya pili.

Safari hii hakupiga kelele. Akainuka, akaenda kusimama mbele ya dada yake, mguu mmoja na kandambili na mguu mmoja bila.

"Njoo uijaribu mwenyewe. Nitakuingiza ndani ya Sikio. Fanya ubaya wowote."

Dada Mkubwa akaketi mbele ya kibao cha herufi kama jaji. "Nikitaka kufuta daftari naandikaje?" Fundi akamwonyesha. Akaandika, akabonyeza. Skrini ikajibu kwamba faili kama hilo halipo.

"Halipo? Daftari langu halipo?"

"Lipo huku kwetu. Humo ndani halionekani kabisa."

"Nikitaka kuandika jina langu tu?"

"Andika."

*Hapa ni pa kusoma tu.*

"Nikitaka kumpigia mtu nje?"

*Hakuna njia.*

Akajaribu kubadili saa. Akajaribu kujifanya mtumiaji mkuu. Akajaribu mambo ambayo Fundi hakumfundisha, akibonyeza kwa vidole viwili kwa kasi iliyozidi kuongezeka, na kila alipokataliwa mdomo ulipinda kidogo upande, mpaka mwishowe akacheka kicheko cha tumboni ambacho duka lilikuwa halijakisikia wiki nzima. "Maskini! Halina hata pa kukaa! Na bado linasikia?"

"Linasikia ndege kumi na moja sasa hivi."

Ikapiga saa nane. Wote watatu wakabanana mbele ya skrini, Mwalimu pua yake karibu iguse kioo, ingawa aliona mwanga tu. Saa nane na dakika tano, hakuna. Nane na tisa, hakuna. Ndege za abiria zilipita juu kabisa, na hakuna aliyezijali. Saa nane na dakika kumi na mbili, pale mahali patupu, pakatokea alama ndogo ya manjano.

"Futi mia tatu," akasoma Fundi. "Mia tano. Anapanda."

"Ni yeye?"

"Ni ndege ya chuo chao. Futi mia nane. Ni yeye, dada."

Dada Mkubwa akashika ukingo wa kaunta. Alama ikapanda, ikakata kushoto, ikaenda sambamba na barabara kuu, ikakata kushoto tena. Mwalimu akaomba asimuliwe, akasimuliwa. Wateja wawili wakaingia, wakaona migongo mitatu, wakasimama.

"Sasa anashuka," akasema Fundi. "Mia sita. Mia nne. Mia mbili..."

Alama ikatoweka.

"Amekwenda wapi?" akauliza Dada Mkubwa. "Mdogo wangu, amekwenda wapi?"

Fundi alikuwa tayari ameinamia kompyuta. Sikio lilikuwa hai, linasikia ndege kumi. Tarishi alikuwa hai, anapeleka. Kila kitu kilikuwa sawasawa. "Akishuka chini sana majengo yanamziba," akasema. "Nadhani ametua."

"Unadhani."

"Nadhani."

Dakika nzima ikapita. Wakati mwingine dakika huwa ndefu kuliko barabara ya kwenda hospitali. Kisha simu ikalia juu ya kaunta, ikitetemeka kuelekea ukingoni, na Dada Mkubwa akaidaka kwa mikono miwili.

"Mama! Nimetua! Mama, nimetua mwenyewe, gurudumu halijaruka hata mara moja!"

Dada Mkubwa akampa Fundi simu, akajifunika uso kwa koti lake jeupe.

"Hongera, rubani," akasema Fundi. "Mama yako yupo. Amekuona kuanzia futi mia tatu."

"Mjomba, ni kituo chako? Mkufunzi alikuwa ananifuatilia kwenye ramani ya simu yake. Anasema wiki nzima upande huu ulikuwa giza, alidhani mwenye antena amekufa."

Dada Mkubwa akaipokonya simu. "Mwambie hajafa! Mwambie alikuwa ananyang'anya watu madaraka!"

Na hivi ndivyo ilivyotukia, enyi mliosikiliza. Na iandikwe katika vitabu vya mji ule, kama mji ule una vitabu, kwamba mtu mmoja wa kandambili moja alimwangusha mhudumu wa televisheni, akakamata kifaa kilichohama dawati, akaunda dola ya raia wawili wasio na cheo chochote, Sikio na Tarishi, ambayo haijaasi mpaka leo ninaposimulia. Pigeni makofi sasa, ndipo mahali pake.

"Mama, bado upo?" simu ikasema. "Mkufunzi anataka nirudie mizunguko miwili. Naenda tena, sawa?"

"Nenda, mwanangu."

Akavuta kiti karibu na skrini, akakaa. Nyuma yake wateja walikuwa wamefika wanne, na mmoja akakohoa kwa adabu, akauliza kama duka limefungwa.

"Halijafungwa," akajibu Dada Mkubwa, Bibi wa Kaunta, bila kugeuka. "Subirini kidogo. Kuna ndege."